Mama Anakuja Kumwona Stilhedi, na Stilhedi Hayupo

Kwako Shangazi Odilia,

Salamu kutoka Guangzhou. Nakuandikia nikiwa ofisini kwangu kwenye jengo la Tianxiu, mlango nimeufunga na simu nimeizima, naomba uninasue kabla ya tarehe kumi na nane, kwa sababu siku hiyo mama yangu anatua uwanja wa Baiyun na mimi nimemwandalia uongo, tena si uongo wa mdomo tu, ni uongo wenye mapezi na mkia.

Naitwa Kawira, nina miaka thelathini na tatu, kwetu ni upande wa Mlima Kenya, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa China, nanunua nguo kwenye vyumba vya mafundi kule mtaa wa Kangle na kuzisafirisha Nairobi. Mungu amenijalia, siwezi kulalamika. Lakini kila nilicho nacho kilianzia mikononi mwa mama yangu, Bibiana, ambaye kwa miaka ishirini na tisa amefanya kazi moja tu, kufunga nzi. Usicheke, Shangazi, si nzi wa jikoni. Ni chambo cha kuvulia samaki, ndoana ndogo inayofungwa manyoya ya jogoo na uzi wa rangi mpaka samaki akiiona majini adhani ni kitu cha kula, na wavuvi wa Kizungu wanakiita nzi, basi na sisi tukakiita hivyo hivyo. Karakana ya kwetu ilikuwa inawatuma Marekani, na nzi wa mama walikuwa wale wakubwa, wa zambarau na wekundu, wa kumvulia samaki mmoja anayeitwa stilhedi. Huyo ni trauti kama wale wa mito yetu ya mlimani, ila yeye anazaliwa mtoni, anatoka anaenda baharini, anakaa huko miaka anakua mkubwa, halafu anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa. Picha yake ilibandikwa ukutani juu ya meza ya mama, na mama aliitazama kila siku ya kazi tangu mimi sijaanza nasari.

Kwa nzi hao nilinunuliwa sare, nikasomeshwa sekondari, na nilipotaka pasipoti mama alifanya kazi Jumapili tatu mfululizo, yeye ambaye hakosi kanisani hata kukinyesha mawe. Mwaka huu macho yamemwangusha, uzi ule mwembamba hauoni tena, na karakana ikamuaga kwa keki na blanketi. Nikampigia simu nikamuuliza, Mama, nikushukuru kwa kitu gani, nikitegemea ataniambia tangi la maji au jiko la gesi. Akasema, "Kawira, nataka kumwona yule wa ukutani. Yule anayeenda mbali na kurudi. Nimemfungia nzi maisha yangu yote, na sijawahi kumwona hata nzi wangu mmoja akiingia majini."

Shangazi, nililia pale pale kwenye kibanda cha simu, Mchina mwenye kibanda akanipa karatasi ya kujifuta.

Sasa wewe hujaishi huku, wacha nikueleze tunavyofanya kazi ndipo utaelewa nilivyoteleza. Hapa unaingia kwa laoban, yaani mwenye duka au kiwanda, na picha mkononi, koti, kiatu, taa, chochote, na laoban anayetaka biashara hakwambii hakuna, anaitazama picha anakwambia mei wenti, hakuna tatizo, kwa sababu kama hakipo leo kitakuwepo wiki ijayo, atakitengeneza. Miaka sita nimeishi hivyo, naonyesha picha, napata kitu. Basi yupo mzee mmoja, Laoban Chen, mwenye lori linalobeba mizigo yangu kutoka Kangle, kwao ni milimani, mwendo wa saa mbili kaskazini ya mji, na kaka yake ana mabwawa ya samaki kando ya mto. Nikachapisha picha ya stilhedi, nikamwonyesha, nikamwambia ni ya mama. Akaishika kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema, "Mei wenti!"

Na mimi mtu mzima, mwenye akili zangu, siku hiyo hiyo nikampigia mama nikamwambia, Mama, samaki wako yuko huku, njoo.

Mama akamwambia kila mtu. Viza ikatoka, tiketi nikatuma, na wanawake ishirini na sita waliobaki karakanani kila mmoja akafunga nzi mmoja wa stilhedi, akambandikia kijikaratasi chenye jina lake, akampa mama aje nao, warushwe mtoni kwa niaba yao, kwa sababu wao pia hawajawahi kumwona. Mama amenunua gambuti. Jirani zake wameniambia anafanya mazoezi ya kurusha mshipi uani kwa fimbo na kipande cha sufi mwishoni, na kuku wanakifukuza.

Wiki iliyopita nikaenda kuukagua mto, kama ninavyokagua mzigo kabla haujatoka kiwandani. Mto ni mzuri, Shangazi, sikudanganyi, maji yanaonyesha mawe chini, mianzi pande zote, nikajisemea mama atapapenda hapa. Kisha nikauliza samaki yuko wapi, na Laoban Chen akanigeukia akaniuliza, "Unataka wangapi? Saizi gani?" Akanipeleka kwenye tangi la saruji la kaka yake linaloingiwa na maji baridi ya chemchemi, na mle ndani kulikuwa na trauti wa kufugwa, wanono, wanazunguka. Mpango wake ni kuziba kona moja ya mto kwa wavu, siku moja kabla hatujafika atie humo wanne wakubwa ambao hawajalishwa, ili mama akirusha tu wamrukie nzi.

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma. Sikushtuka wala sikukasirika, nilikubali kama ninavyokubali zipu ya rangi nyingine kiwandani, na nikamwambia awachague wenye rangi iliyo karibu na ya kwenye picha. Nilipotoa pochi nimlipe alikataa kabisa. Alisema, "Mama yangu alikufa kabla sijanunua lori. Wako yupo. Weka pesa yako." Sasa nikirudi nyuma namvunja moyo na yeye.

Rafiki zangu wamegawanyika. Gitau anauza simu ghorofa ya chini yangu, yeye ananiambia, "Wee Kawira, wacha kujisumbua bana. Hiyo ni copy ya grade A. Mathe ataiona, atafurahi, mtapiga picha, stori imeisha. Atajulia wapi?" Mildred, ambaye tunakaa naye nyumba moja na tunasali naye, ananiambia, "Nitapika, nitabeba maji, nitamshika mama mkono kwenye mawe. Lakini hiyo picha mimi siipigi, tafuta mtu mwingine wa kamera."

Na mimi najitetea moyoni, kwani nilisoma kwenye intaneti kwamba stilhedi na trauti wa aina hii kwa asili ni samaki mmoja, tofauti ni kwamba yule ameenda baharini na huyu hajaenda kokote, kwa hiyo si uongo wote, ni kama robo tatu ya ukweli. Halafu naikumbuka sauti ya mama kwenye simu, naona hata robo tatu haitoshi. Nikimwambia ukweli naogopa atasema haji, atawarudishia wale wanawake nzi wao mmoja mmoja mlangoni, na macho yake yanazidi kufifia, mwakani huenda asione hata huo mto. Nikinyamaza atafurahi, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake nikijua. Mtu niliyetaka kumshukuru kuliko wote duniani. Nifanye nini, Shangazi?

Ni mimi,
Kawira, Guangzhou

*

SHANGAZI ODILIA ANAJIBU

Kawira, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikifuta miwani. Gazeti letu hutoka Jumamosi na mama yako yuko karibu kupanda ndege, kwa hiyo jibu hili nakutumia leo kwa barua pepe, wasomaji wengine watalikuta likiwa limepoa.

Kwanza pokea pongezi zako, maana nitakugombeza muda si mrefu. Mezani kwangu zinafika barua za watoto wanaotaka kujua kama ni lazima kumtumia mama pesa kila mwezi. Wewe ulimuuliza mama yako anataka nini, na alipokujibu jambo lisilouzwa dukani hukumwambia achague jiko. Nimekupenda kwa hilo, na Bibiana nimempenda kwa zile gambuti.

Sasa kaa chini. Mama yako ametumia miaka ishirini na tisa kuwadanganya samaki, halafu wewe unataka kutumia samaki kumdanganya yeye? Nani kati yenu ni fundi wa kazi hiyo? Gitau anauliza atajulia wapi. Mwambie Gitau abaki na simu zake. Mwanamke aliyeikodolea macho picha moja miaka yote hiyo, akipima ndoana kwa mdomo ule, anamjua yule samaki kuliko anavyomjua mchungaji wake. Nina binamu anayefuga trauti, nimempigia kwa ajili yako. Anasema wa kwenye tangi la saruji mara nyingi mapezi yake yamechakaa kwa kujisugua kuta, na ukimshika tu unajua hajapigana na mto hata siku moja. Macho ya mama yako yamechoka, vidole vyake havijachoka. Atamgusa tu, atajua.

Na akishajua hatasema. Hilo ndilo ninalotaka likukae. Atakuona umesimama pale na uso wa mtoto aliyeleta ripoti ya shule, atafikiria tiketi na viza na wavu na mzee wa watu, na atasema, "Asante mwanangu, ni yeye kabisa." Ataenda nyumbani kuwaeleza wanawake ishirini na sita uongo ambao si wake, kwa ajili ya kukustahi wewe. Umemwalika mama yako avuke nusu ya dunia aje akufunikie aibu.

Najua ninachosema. Mama yangu mimi alipolazwa, aliacha nyumbani ng'ombe wake mmoja aliyempenda kupita kiasi, na sisi tukamuuza kwa ajili ya matibabu. Kila nilipoenda kumwona alikuwa ananiuliza ng'ombe anaendeleaje, nami namjibu anakula vizuri, anatoa maziwa. Wiki ya tatu akaacha kuuliza. Nilidhani amesahau, nikashukuru. Siku ya mazishi jirani aliyemnunua akaniambia alikuwa amemweleza mapema, alidhani mama anajua. Kumbe mama alikuwa analala pale akinisikiliza nikimsimulia maziwa ya ng'ombe aliyeuzwa, na hakunikatiza. Sikupata nafasi ya kumwambia tulimuuza kwa sababu tulimtaka yeye kuliko ng'ombe. Wewe nafasi unayo, mwenzangu, na unataka kuitupa kwa samaki wanne.

Isitoshe hukumsikiliza. Rudia maneno yake, uliyaandika mwenyewe. Alisema mambo mawili. La kwanza, kumwona yule wa ukutani, hilo huliwezi na Guangzhou yote na viwanda vyake hailiwezi. La pili, kumwona nzi wake akiingia majini. Hilo halihitaji stilhedi, linahitaji maji yanayokwenda, na maji unayo, umeyaona, umeyasifia mpaka mianzi yake. Ulikimbilia kile kilichokuwa kwenye picha kwa sababu ndiyo kazi yako, na sehemu ile ngumu kidogo kusikia ukairuka.

Basi ufanye hivi. Nenda kwa Laoban Chen wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Mzee huyo hajakukosea. Ulimletea picha akakutafutia mfano wake, ndiyo desturi yenu huko, na alikataa malipo kwa heshima ya mama yake marehemu. Mwambie wavu hautakiwi, samaki wa mtoni wabaki wale wa mtoni, hata kama ni dagaa wa kidole kimoja. Lakini zawadi yake usiikatae. Mwombe trauti mmoja mnono wa kaka yake, apikwe siku hiyo kwa namna ya kwao, aletwe mezani kwa jina lake halisi, na yeye akae karibu na mama yako wale pamoja. Hawataelewana lugha, wataelewana. Ukimpa nafasi hiyo hujamvunja moyo, umemuongezea.

Mildred apewe kamera. Nadhani siku hiyo ataipokea.

Siku ya mto, wewe ndiye utakayefunga kila nzi kwenye mshipi, kwa kuwa macho ya mama hayaoni tundu la ndoana. Alikufungia wewe miaka ishirini na tisa, mfungie asubuhi moja. Utamsomea jina la mwanamke aliyemfunga nzi huyo, mama atarusha, mtamtazama akiogelea, kisha mtamvuta taratibu, mumkaushe, mumrudishe kwenye boksi. Ishirini na sita wote, na wa kwake wa mwisho. Usiwe na haraka na usitazame saa, na simu ya ofisi iache kwa Gitau. Samaki mdogo wa mtoni akiingia kwenye ndoana kwa hiari yake, basi ni heri. Asipoingia, mtakuwa mmeona kile alichokuja kukiona.

Kuna jambo jingine ulilolipita mbio, nami sitakuacha ulipite. Miaka sita huko, na katika barua yote hii hakuna mahali ulipoandika kwamba ulikwenda nyumbani. Kama ulikwenda, nisamehe. Kama hukwenda, basi jiulize kwa nini mwanamke asiyewahi kupanda ndege anamtamani hasa samaki anayeenda mbali na kurudi. Sikulaumu, najua mambo ya mzigo na viza. Lakini unasema hofu yako kubwa ni mama kuahirisha safari akiujua ukweli. Akiahirisha, dawa yake ni nyepesi. Wewe panda ndege. Mito ya mlimani kwenu ina trauti, uliniambia mwenyewe, na nzi huingia majini hata huko.

Usingoje tarehe kumi na saba, wala usinuie kumwambia uwanjani huku mmeshikilia masanduku. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebakiza siku chache. Mpigie leo, akiwa bado nyumbani kwake na anaweza kukaa kwenye kiti chake mwenyewe. Usianze na hali ya hewa. Mwambie hivi: Mama, nilikosea. Samaki wa ukutani hayupo huku, nilionyesha picha nikaamini nilichotaka kuamini, halafu nilijua na nikanyamaza. Mto upo. Mimi nipo. Bado unataka kuja?

Kisha nyamaza na umwache ajibu kwa muda anaoutaka, hata kadi ya simu ikikaribia kuisha. Ukilia, lia. Usikate simu.

Shangazi Odilia